Maranda ya Rafu ya Dirishani

6 Februari

Mpwa wangu,

Kabla sijakuambia kazi ninayoifanya siku hizi, kaa kwanza. Umekaa? Haya. Mimi mzima, hofu sina, na wewe usiwe nayo. Mama yako hajambo, kikohozi kimemwachia, ila amenununa tangu nimwambie kwamba nalisha panya. Alisema, "Miaka yote tunawafukuza kwa ufagio, leo wewe unawaandalia meza?" Dada yangu ana moyo mzuri, lakini sayansi hana.

Simu yangu usiipigie. Ilitumbukia kwenye ndoo ya dawa ya kuoshea vizimba. Niliizamia kama mzamiaji lulu, nikaitoa, lakini haikurudi tena duniani. Na huko mlimani kwenu mtandao unakuja kama mgeni asiyealikwa, siku apendayo yeye. Kwa hiyo tuandikiane. Barua hii nampa dereva wa lori linaloleta saruji kwenye hilo jengo mnalolikarabati.

Sasa kazi. Chuoni kuna nyumba ya wanyama, vyumba viwili na ukumbi, na humo ndani mimi ndiye kila kitu. Kwenye karatasi ya ajira wameandika "msafishaji", lakini karatasi haijui mambo. Walinzi getini wananiita Profesa. Ungejua nilivyoachia shule darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa ananionea wivu, ungesema haki imetendeka.

Mwenye utafiti ni Dokta. Binti mdogo tu, wa rika lako, miwani mikubwa kuliko uso. Anachotaka kujua ni hiki: mtoto akiwa tumboni, na baadaye akiwa ananyonya, anachokula mama yake na sumu inayomfikia vinamfanya nini kichwani akishakua? Kwa hiyo amewagawa mama panya. Wengine wanakula chakula kamili. Wengine chakula duni, kilichopunguzwa madini ya chuma na kalsiamu. Halafu katika kila kundi nusu wanakunywa maji safi, nusu maji yaliyotiwa risasi. Si ya bunduki, usiruke. Ni yale madini yaliyomo kwenye betri za magari. Kidogo sana, huyaoni wala huyaonji. Mimi sikuonja, ingawa ningeonja yasingenifanya kitu, unanijua.

Sikiliza jinsi nilivyoiokoa sayansi. Mwezi uliopita, watoto wana wiki moja, macho bado yamefumba, maranda ya kutandikia vizimba yakaisha. Yale ya kiwandani, yanayokuja kwenye mifuko yenye mihuri. Gari limekwama njiani, Dokta yuko safarini siku tatu, watoto wamelala kwenye mkojo. Nikasema, nipo mimi hapa na watoto walale hivi? Nikaenda kwa Mzee Randa, yule seremala aliyekuchongea kiti chako cha kwanza. Nikamkuta anapiga randa milango. Nikajaza magunia mawili kwa mikono yangu. Maranda laini kama nywele za kichanga, tena yana chembechembe za kijani, vizimba vikaonekana kama vinangoja harusi. Yalitosha rafu moja, ile ya dirishani. Rafu ya ukutani nikaigawia mabaki ya kiwandani. Na mzigo ulipofika ulikuwa haba, basi rafu ya dirishani nikaiachia maranda yangu mpaka juzi.

Dokta aliporudi alivuta pumzi akasema, "Humu leo mnanukia vizuri." Sikumweleza chochote. Mtu mkubwa hajisifu.

Nieleze na wewe. Jengo likoje? Bwana wako hajambo?

Mjomba wako,
Profesa

25 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika na vumbi la saruji kwenye kila mkunjo. Dereva aliishikilia siku nane kwa sababu lori lilivunjika springi, na nadhani aliisoma, maana alinikabidhi huku anacheka.

Umeandika "mtu mkubwa hajisifu" mwishoni kabisa. Sasa hizo kurasa za juu zilikuwa ni nini?

Sisi huku tuko salama. Bwana wangu yuko kwenye mabomba na anakusalimu. Mama mwambie nampelekea shali na lori lijalo. Jengo ni bweni la shule ya zamani sana, madirisha mia moja na kumi na mawili, nimeyahesabu mwenyewe, yote ya mbao. Tuko sita kwenye kikosi cha rangi. Huwezi kupaka juu ya rangi iliyobanduka, kwa hiyo kwanza tunakwaruza, halafu tunapiga msasa mpaka mbao ionekane. Ni kama kumenya kitunguu. Juu ni nyeupe, chini yake kuna ya maziwa, kisha buluu, na mwisho kabisa kijani kigumu kinachotoka vipande vipande. Napenda kuona kila tabaka. Mtu fulani aliichagua ile buluu akaona imependeza, halafu mwingine akaifunika.

Afya yangu nzuri. Chai ya asubuhi tu ndiyo hainishuki siku hizi. Usimwambie mama.

Sasa nieleze jambo moja, maana limenikaa kichwani. Mtajuaje kwamba panya huyu ana akili na yule hana? Mnawapa mtihani?

Mpwa wako

20 Machi

Mpwa wangu,

Mama yako amepata shali, amelivaa siku tatu mfululizo na kukanusha kwa majirani kwamba ni jipya. Sote wazima.

Umeuliza kama panya wanapewa mtihani. Wanapewa! Tena mgumu kuliko ule ulionikosesha cheti. Kuna beseni la duara, kubwa la kuogeshea tembo. Tunalijaza maji, tunatia maziwa ya unga mpaka huoni chini. Ndani ya maji kuna kijukwaa kidogo, kimezama kidole kimoja. Panya anatiwa majini, anaogelea kutafuta pa kusimama. Ukutani kuna alama: duara, msalaba, pazia la mistari. Mwenye akili siku ya kwanza anakipata kwa bahati, siku ya pili anakumbuka kwamba kipo upande wa pazia, siku ya tano anaenda moja kwa moja kama mtu anayerudi kwake. Dokta anashika saa ya sekunde. Mimi nashika taulo. Bila taulo hakuna sayansi, wangekufa kwa mafua.

Panya mmoja wa rafu ya ukutani, ninamwita Waziri, alikipata kwa sekunde tisa. Nilimweleza Dokta kwamba niliwahi kufuga panya aliyekuwa akinitafutia funguo zilizopotea. Akasema, "Profesa, andika sekunde."

Sasa njoo kwenye ajabu yenyewe. Rafu ya ukutani inafuata mpango. Waliolelewa kwa maji safi wanajifunza. Wale wa maji yenye risasi wanazunguka ukingoni mwa beseni kama mtu aliyepoteza nyumba yake mtaani kwake mwenyewe, na wa chakula duni ndio wenye hali mbaya zaidi. Vizuri. Lakini rafu ya dirishani! Humo hata wale wa maji safi wanazunguka. Kuna mmoja hajagusa risasi hata tone, namwita Kizunguzungu. Siku ya tano alitumia sekunde hamsini na nane, ikabidi nimwopoe. Na kizimbani hatulii, anapanda nyavu, anashuka, anapanda.

Dokta aliinama juu ya daftari mpaka miwani ikagusa karatasi. Akasema, "Haiwezekani." Halafu akasema, "Kwa nini?" Nakwambia mpwa, hilo "kwa nini" alilisema kama mtoto anayeomba pipi. Nikaambukizwa. Siku nzima nafagia najiuliza kwa nini. Mimi nasema ni jua la dirishani linawachoma ubongo. Mlinzi anasema ni redio yangu. Dokta ameziba dirisha kwa boksi na redio ameifungia kabatini, na anawapima upya.

Wewe ulikuwa na kichwa chepesi tangu utoto, ulirithi kwangu. Unasemaje?

Mjomba wako,
Profesa

9 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Mama anasema kwenye ujumbe wake kwamba siku hizi unakula ukiongea peke yako kuhusu beseni. Nimecheka. Huku mvua imetufungia ndani, tunakwaruza madirisha ya ukumbini tukiwa tumefunga milango, na jioni tunatoka weupe kama wasaga unga.

Ajabu yako imeninyima raha. Nimechora jedwali nyuma ya karatasi ya msasa. Upande huu rafu ya ukutani, upande huu ya dirishani. Chakula ni kile kile, maji ni yale yale, beseni moja, mtunza panya mmoja. Kilichotofautiana ni jua, redio, na kitu kimoja zaidi ambacho wewe na Dokta hamkukitaja. Nimerudi kwenye barua yako ya kwanza nikaisoma tena.

Mjomba, ile milango ya Mzee Randa ilikuwa mipya au ya zamani? Na zile chembechembe za kijani zilizopendeza kama harusi, ilikuwa rangi?

Nina sababu ya kuuliza. Nitakueleza.

Mpwa wako

28 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu tele, tena tele. Mama yako hajambo, jirani hajambo, paka wa jirani hajambo ingawa ananitazama vibaya nikirudi kazini, ananusa wasifu wangu.

Huku mambo ni moto. Wiki iliyopita panya kumi na wawili walitoroka kwa pamoja. Niliwakamata wote kwa kofia yangu, wa mwisho nikamdaka hewani akiruka kutoka juu ya kabati. Mlinzi aliona kwa macho yake akapiga makofi. (Walikuwa wawili. Lakini kuruka aliruka kweli.)

Dokta amepima upya rafu ya dirishani bila jua wala redio. Mambo ni yale yale. Amepima joto, amepima maji ya bomba, amechungulia masikio ya kila panya. Jana nilimkuta amekaa sakafuni katikati ya rafu mbili, magoti kifuani, anatazama kushoto, anatazama kulia. Akaniambia, "Miaka miwili, Profesa. Nisipopata sababu itabidi nitupe zote mbili, maana sitajua hata rafu ya ukutani niiamini vipi." Mwezi wa sita wakubwa wake watakuja kusikiliza alichopata. Msafishaji aliyenitangulia aliondolewa kwa sababu ya kusahau kufunga mlango mmoja tu.

Habari za maranda ziache. Maranda ni maranda.

Nikuhadithie jinsi nilivyowahi kuogelea mto wenye mamba wakati wa masika nikiwa na godoro kichwani? Ilikuwa hivi.

[Hapa ziko kurasa mbili za mto, mamba na godoro.]

Mjomba wako

14 Mei

Shikamoo Mjomba,

Umeandika kurasa nne na swali langu halimo. Mamba yumo, godoro limo, paka wa jirani yumo.

Basi nikueleze sababu. Nina mimba. Mwezi wa tano unaingia. Mama hajui, nilitaka kwanza nimalize jengo, maana nyapara akijua ataniondoa kwenye kikosi, na huku mwanamke akishatoka kwenye kikosi cha ufundi harudi. Nimetafuta nafasi hii miaka miwili. Naipenda kazi hii, Mjomba. Najua kushika kikwaruzio kuliko wanaume watatu kati ya wale watano.

Kila siku tangu mwezi wa pili nimemeza vumbi la rangi ile ya kijani. Nilimuuliza nyapara kama ina madhara. Akasema, "Vumbi ni vumbi, kanywe maziwa." Nimemuuliza fundi wa umri wako. Akasema yeye amekwaruza miaka thelathini na hajafa. Bwana wangu anasema nisijitie hofu kwa habari za panya. Na mimi mwenyewe asubuhi naamini hivyo, jioni nikikung'uta nguo siamini.

Kwa hiyo kuna watu wote hawa wanaosema hakuna kitu. Na kuna rafu yako ya dirishani, ambayo haina sababu ya kusema uongo.

Sikuulizi kama Profesa. Nakuuliza wewe, kaka wa mama yangu. Milango ile ilikuwa ya zamani? Chembe zile zilikuwa rangi? Dokta anajua?

Mpwa wako

23 Mei

Mpwa wangu,

Mimi mzima. Hofu ni kwako, na safari hii naimaanisha.

Milango ilikuwa ya zamani. Ilitoka kwenye nyumba iliyobomolewa. Mzee Randa alikuwa anaiondoa rangi ili auze mbao upya. Chembe za kijani zilikuwa rangi.

Nilianza kushuku siku Dokta alipoziba dirisha. Nilikuwa nafagia, nikaona vipande viwili vya kijani chini ya rafu. Nikavifagia nikavitupa. Sikusema. Niliogopa kuondolewa, na niliogopa wataacha kuniita vile wanavyoniita.

Barua yako imefika leo saa nne. Saa tano nilikuwa mlangoni kwa Dokta. Nimemweleza yote, tangu magunia hadi vile vipande viwili. Nilimpelekea gunia moja tupu ambalo bado lina vumbi ndani, nilikuwa nimelifungia viatu. Amelituma kupimwa. Damu ya panya wa rafu ile pia. Majibu bado.

Usingoje majibu. Weka kikwaruzio chini. Nenda zahanati, uwaambie wakupime damu kwa ajili ya risasi. Dokta anasema waliokula chakula kamili risasi iliwaingia kidogo kuliko waliokula duni, si kwamba haikuwaingia. Kwa hiyo kula. Dagaa, mayai, mboga za majani, maziwa. Maziwa peke yake hayatoshi, mwambie nyapara. Nguo za kazi usiingie nazo ndani. Nawa mikono kabla ya kugusa chakula.

Barua hii nimempa dereva mkononi, na nimekaa kwenye lori mpaka linaondoka.

Mjomba wako

2 Juni

Shikamoo Mjomba,

Nimekujua miaka ishirini na saba. Umewahi kuniambia kwamba ulikula radi. Umewahi kuniambia kwamba mto ulisimama ukupishe. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipotia chumvi. Sikupata. Hakuna hata mamba mmoja. Kitu hicho kilinitisha kuliko panya wote wa Dokta.

Nilikuwa juu ya ngazi, dirisha la tisini na nne. Nikashuka nikaweka kikwaruzio kwenye ndoo.

Nyapara alifoka. Nikamsomea barua, yote, mbele ya kikosi. Akasema, "Nani huyo, daktari?" Nikasema, "Ni mtunza panya." Wakacheka. Halafu yule fundi mzee, wa miaka thelathini kazini, akauliza taratibu, "Hao panya, wanafanyaje?" Nikamweleza kuhusu Kizunguzungu, kwamba anazunguka ukingoni na hatulii kizimbani. Hakucheka tena. Akasema ana mwanawe wa kiume, alikuwa akimbeba jioni na nguo zile zile za kazi.

Kuanzia juzi wanalowesha rangi kwanza kwa maji kabla ya kukwaruza, na wamefunga vitambaa puani. Vitambaa si kitu, nimewaambia, lakini ni mwanzo. Mimi nimewekwa kupima vioo na kukata. Kukata kioo ni kugumu kuliko nilivyodhani, unapiga mstari mmoja tu na huruhusiwi kurudia. Zahanati wamenitoa damu, imepelekwa mbali, majibu yatachukua wiki.

Mama nimemwandikia. Jiandae, atakuja kwako na ufagio, maana nimemwambia wewe ndiye uliyejua kwanza.

Umefukuzwa?

Mpwa wako

11 Julai

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwa mtu aliyepigwa na dada yake kwa ufagio na bado anaishi. Alipomaliza kunipiga alikaa akalia, akanywa maji, akaanza kushona vitu vidogo vidogo. Hajambo.

Sijafukuzwa, na nikueleze ilivyokuwa bila kuongeza kitu, maana nimeona kwamba unapenda hivyo.

Siku ile nilipomwambia, Dokta alivua miwani. Sikuwahi kumwona bila miwani, ana macho ya mtu aliyechoka. Akasema, "Rafu nzima, Profesa." Nikasema ndiyo. Akasema, "Ungeniambia mwezi wa tatu." Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeshika kofia, naona mlango uko wapi.

Halafu akarudisha miwani. Akauliza, "Wale wa chakula kamili kwenye rafu ya dirishani. Waliwekewa maranda yale yale?"

"Yale yale."

"Kiasi kile kile?"

"Nilijaza kwa kopo moja, hilo hapo."

Akafungua daftari. Akaanza kupitisha kidole kwenye sekunde. Mpwa wangu, yule mtu nimemharibia miaka miwili, na kidole chake kilikuwa kinatembea haraka kama cha mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. "Tazama," akasema, "hapa dirishani wa chakula kamili wamepotea, lakini wamepotea kidogo kuliko hawa wa chakula duni. Tazama!" Nikatazama. Nilikuwa nalia lakini nilitazama.

Majibu yalikuja wiki iliyopita. Vumbi la gunia langu lina risasi nyingi. Chembe moja ya kijani inashinda chupa ya maji aliyokuwa anaipima yeye kwa uangalifu wote ule. Vichanga walilala juu yake, mama zao waliwalamba, wakaanza kutafuna maranda meno yalipoota. Damu yao inasema hivyo hivyo.

Rafu ya ukutani inabaki, ataiamini. Ya dirishani imetoka kwenye hesabu, atairudia na mama wapya, miezi saba. Wakubwa wake walikuja, akawaeleza wazi, wakamkaripia yeye badala yangu. Nilisikia nikiwa nje na ndoo. Hakunitaja.

Nimepewa barua ya onyo. Na ukutani, juu ya mifuko ya maranda, Dokta amebandika kwa mwandiko wake: HAKUNA KUOKOA KITU BILA KUULIZA. Mlinzi akipita anaisoma kwa sauti.

Mzee Randa nimemwambia. Amechimba shimo akafukia maranda yake yote, na wajukuu hawaingii tena karakana.

Damu yako imesemaje?

Mjomba wako

14 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Ni msichana. Alizaliwa Jumanne, saa moja asubuhi, analia kama king'ora. Mama ameshafika, ameleta vitu alivyoshona, vyote vikubwa.

Damu yangu mwezi wa sita ilikuwa imepanda, si sana, lakini imepanda. Waliponipima tena mwezi wa nane ilikuwa imeshuka. Ya mtoto wameichukua kitovuni. Daktari anasema ni ya chini, na kwamba chini haimaanishi hakuna. Nikamuuliza, sasa atakuwaje? Akasema, "Tutamwangalia." Nikamuuliza tena kwa njia nyingine, kama ulivyonifundisha kuwauliza watu wakubwa. Akasema, "Mama, tutamwangalia."

Bweni limekwisha. Madirisha ni ya buluu. Nilimwomba nyapara, nikampelekea kipande cha tabaka la zamani, wakachanganya rangi mpya mpaka ikafanana. Safari hii haina risasi, nimesoma kopo lote.

Yule fundi mzee alimpeleka mwanawe kupimwa. Ni mtu mzima sasa, ana miaka ishirini na mbili. Sijui walimwambia nini. Alirudi akanishika mkono, akaendelea kupaka.

Muulize Dokta: kama ni wewe, ungemwangalia nini hasa?

Mpwa wako

2 Novemba

Mpwa wangu, mama wa mjukuu wangu,

Nimepiga kelele mpaka panya wote wakasimama kwa miguu ya nyuma kunipa heshima. Mia mbili na arobaini, wote. (Baadhi.)

Dokta nimemuuliza. Alifikiri sana, akaniambia: mwangalie anavyofuata uso wako kwa macho, anavyogeukia sauti, baadaye anavyotafuta kitu ulichokificha mbele yake. Ongea naye sana, mshike sana, mlishe vizuri na wewe ule vizuri. Nikasema, hayo si ndiyo ambayo mtu angefanya hata bila sayansi? Akasema, "Ndiyo, Profesa, lakini wewe utaandika." Halafu akaniambia jambo moja linaloninyima usingizi. Akasema panya ni wengi, ndiyo maana yeye anaweza kuwajumlisha akapata jibu. Mtoto ni mmoja. Huyo hajumlishwi, anangojewa.

Mama panya wapya wameingia. Maranda ni ya kiwandani, mihuri naivunja mbele ya Dokta, naandika tarehe na saa. Kizunguzungu bado yupo, Dokta ameniruhusu nimtunze mpaka afe kwa uzee. Nimemjengea ngazi ya vijiti. Kila nikimbadilishia maji namwambia jina la upande: pazia, duara, msalaba. Jana nilificha njugu upande wa pazia. Alizunguka ukingoni mara tano, akasimama, akanusa, akaenda. Sikushika saa. Sijui ni bahati au ni nini. Nitaificha tena kesho.

Sasa habari kubwa, na hii nimeiacha mwisho kwa makusudi. Ripoti ya Dokta imepigwa chapa. Nimo! Ukurasa wa tisa, mstari wa kumi na nne, nimeupigia mstari kwa kalamu nyekundu na kuwaonyesha walinzi, muuza magazeti na kinyozi. Imeandikwa: "Rafu ya dirishani iliondolewa kwenye hesabu kwa sababu ya kosa la matandiko." Ndiye mimi huyo. Ni wangapi katika ukoo wetu wameandikwa kwenye kitabu cha wataalamu?

Nimenunua daftari. Jalada gumu, kama la Dokta. Ukurasa wa kwanza nimeandika tarehe aliyozaliwa na saa. Zilizobaki ziko wazi. Niandikie kila anachofanya, na usitie chumvi hata chembe. Chumvi niachie mimi.

Mjomba wako,
Kosa la Matandiko